Kofia ya Shaba ya Dekow

Vijana wangu wa mitambo ya maji, kila mwaka mmoja wenu alikuwa lazima anijie na ile kofia ya shaba inayokaa kwenye kabati la vioo karibu na mlango wa karakana. Anaigeuzageuza, anaipima kwa jicho, halafu ananiuliza: "Mwalimu, hii alama ni ya kampuni gani?" Nami kila mwaka nilijibu kwamba mapumziko yamekwisha, arudi kwenye jiliwa yake. Hilo halikuwa jibu na nyinyi mlilijua.

Sasa nimestaafu miaka mingi, magoti yamegoma kupanda ngazi, na mke wangu amechoka kufundishwa namna ya kufunga bomba la jikoni mwake mwenyewe. Amenipa daftari na kalamu, akaniambia niwasumbue nyinyi badala yake. Basi nitajibu swali la alama. Nitajibu pia lile jingine mlilokuwa mkiniuliza kwa kununa: kwa nini sikusahihisha kazi zenu ofisini kimya kimya kama walimu wengine, ila niliwasimamisha mbele ya darasa zima, hata siku tulizokuwa na wageni wa wizara, nikatamka kwa sauti kama kazi ni nzuri au mbovu. Kuna aliyewahi kuniita katili kwa jambo hilo. Alikuwa amekata pakingi ya pampu fupi, lakini sikumlaumu kwa neno lake.

Nilifika Garissa kwenye msafara wa malori uliosindikizwa na askari, nikiwa na sanduku la mbao, Biblia ya mama na barua ya serikali iliyosema mimi ni mwalimu wa ufundi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ulikuwa wakati wa shifta. Wengi wenu mmelisikia neno hilo kwa babu zenu, na kama babu ni wa hapa, mmelisikia kwa sauti ya chini. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, Wasomali wengi wa upande huu walitaka waungane na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, serikali ikakataa, ikawaita wapiganaji wao shifta, yaani majambazi, vita vikaanza. Mjini kulikuwa na kafyu na vibali vya kutembea. Huko nje wafugaji waliamriwa wahamie kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua, na mifugo iliyokutwa mbali na vijiji hivyo ilipigwa risasi. Mimi ni Mkamba wa Mwingi. Kwenye ramani si mbali na hapa, lakini wenyeji waliponiuliza nimetoka wapi nikawaambia, walitikisa kichwa na kusema: "Haa, umetoka Kenya."

Msifikirie chuo mlichokiona nyinyi, chenye maabara na feni za dari. Shule ya ufundi ya serikali ilikuwa mabanda mawili ya bati, moja la useremala na moja la mitambo, na kati yake mti wa mgunga uliojaa miiba. Spana ikisahauliwa juani saa sita, aliyeiokota alijua. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na wanne, watu wazima, watatu kati yao wakinizidi umri. Mkuu wa shule alikuwa Bwana Wafula, seremala wa Bungoma, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa.

Maofisini kulikuwa na watu wa bara wenzangu waliosema waziwazi kwamba kumfundisha mfugaji ufundi ni kupoteza chuma. Wafula aliwajibu kila mara jibu lile lile. Alisema shule ya mtu binafsi inaweza kuchagua wa kumfundisha, lakini hii ni ya umma, na umma ni kila aliye ndani ya mpaka, hata yule ambaye serikali inapigana na ndugu zake. Kwa bahati mbaya alikuwa na tabia ya kuyasema hayo akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo si wengi waliomwelewa. Mimi nilimwelewa. Nilikuwa bado kijana wa kuamini kwamba kazi safi inatosha kumtetea mtu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la namba. Nilipaka kila chombo namba nyeupe na kumpa kila mwanafunzi orodha yake, kama nilivyofundishwa. Wiki mbili hazikuisha, nusu ya vyombo vilikuwa havijulikani viko kwa nani. Kila jioni tulikuwa tukigombana kuhusu nyundo. Kisha mmoja wao akanyoosha mkono. Huyo alikuwa Dekow, mtu wa miaka kama ishirini na miwili, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele na macho ya kucheka hata alipokuwa hacheki.

"Mwalimu," alisema, "wewe ukiwa na ngamia mia mbili, unaandika namba?"

Nikamwambia sijawahi kuwa na ngamia hata mmoja.

"Basi hiyo ndiyo shida."

Darasa lote lilicheka, nami nikacheka baadaye kidogo, baada ya kumaliza kukasirika. Akanieleza kwamba kila ukoo una alama yake, wao huiita sumadi, inayochomwa kwenye ngozi ya ngamia, na mtoto wa miaka sita anaweza kuitambua akiwa mbali. Namba ni za kila mtu, kwa hiyo hakuna anayeziona. Alama ina mwenyewe. Siku ile ile nilifuta namba zangu. Kila mwanafunzi akachonga alama ya ngamia wa kwao kwenye mpini au kwenye chuma, na wenye alama ya aina moja wakaongeza kijistari cha kuwatofautisha. Ya Dekow ilikuwa mstari uliosimama, na mwingine mfupi uliolala juu yake upande wa kulia, na nukta chini. Toka siku hiyo hatukupoteza hata tupa.

Nikafurahi mno, nikapitiliza kama kawaida ya walimu vijana. Nikatunga sheria: kila kazi itakayotoka kwenye banda hili, ndogo au kubwa, iwe na alama ya aliyeitengeneza. Kazi isiyo na alama siipokei. Fundi mwenye haya na kazi yake asiifanye. Niliyasema hayo nikiwa nimesimama juu ya kreti, na kila nikiikumbuka ile kreti natamani mtu angeipiga teke.

Sasa niwaambie habari ya pakingi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata, na kwa sababu najua mmeanza kuisahau. Mimi nilifundishwa na fundi mmoja Kalasinga, mzee Gurdip, katika karakana ya Nairobi. Siku yangu ya kwanza alinipa nifunge pakingi kwenye pampu ya kisima. Nyinyi mnajua: pale juu, fimbo ya chuma inapopanda na kushuka, kuna nafasi inayojazwa pete za kamba yenye mafuta ili maji yasiruke nje, na juu ya pete hizo inakaa kofia ya shaba inayozikandamiza. Nilikaza nati kwa spana ndefu mpaka tone moja halikutoka. Nikajiona bingwa. Baada ya robo saa mzee Gurdip akaniambia nishike fimbo. Nikaishika, nikaiachia haraka zaidi. Ilikuwa inaungua.

"Wewe nakaza kama nakaba mwizi," aliniambia. "Iache pumua."

Akanifundisha kukata pete kwa mshazari, si wima. Kuzipanga ili maungio yasikutane mahali pamoja. Kukaza nati kwa vidole tu, spana ikae chini. Na kuiacha pampu itone, tone moja, unahesabu mpaka tano, tone jingine, kwa sababu hilo tone ndilo linalopoza fimbo. Pampu isiyotona kabisa inakufa. Haya yote niliyapeleka Garissa na nikayafundisha vile vile, mpaka wanafunzi wangu wakawa wananiigiza nyuma ya mgongo wangu: "Tone, moja, mbili, tatu, nne, tano, tone."

Dekow aliyashika kuliko wote. Tena aliniongezea. Pakingi ilipokwisha stoo na msafara ukachelewa kuleta nyingine, alikwenda kwa mama yake, Hooyo Halima, ambaye alikuwa akisuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, vile visivyovuja hata tone. Akamwomba amsukie kamba nene kama kidole. Akailoweka katika mafuta ya mkia wa kondoo, akaikata kwa mshazari, akaifunga. Ilidumu kuliko ile ya dukani. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba hilo mzee Gurdip hakulijua, akainamisha kichwa, lakini pengo la jino lilionekana.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwanafunzi akimaliza kazi aliiweka mezani kwangu na kuuliza: "Mwalimu, kazi iko sawa?" Nami nilijibu. Mtihani wa serikali wa ufundi ulikuwa unakuja baada ya miezi miwili, na Wafula alikuwa ameliweka jina la Dekow la kwanza kwenye orodha. Angekuwa mtu wa kwanza wa kwao kupata cheti cha fundi wa pampu. Hooyo Halima alikuwa ameshakiambia kijiji kizima, ingawa hakuwa na hakika cheti ni kitu gani. Alidhani ni mashine.

Siku moja Dekow alibaki nyuma wenzake walipotoka kwenda kuswali adhuhuri.

"Mwalimu, nauliza kitu moja. Kama bambu iko zima, injini iko zima, lakini mtu amechukua kofia ya shaba, fundi anafanya nini?"

Pampu kwake ilikuwa "bambu" siku zote. Nikajibu kama anayejibu swali la mtihani. "Anatengeneza nyingine. Unapima fimbo, unapima kikombe cha pakingi, unakereza shaba. Kazi ya siku moja."

"Kama fimbo iko mbali, hawezi kupima?"

"Kama aliwahi kuifanyia kazi pampu hiyo, fundi mzuri anakumbuka vipimo vyake."

Akaitikia, akaenda kuswali. Nilijua. Sitawadanganya leo kwamba sikujua. Kila mtu mjini alikuwa amesikia kwamba askari wameifunga pampu ya kisima fulani huko nyikani ili shifta wasipate maji, na njia waliyotumia ilikuwa kuondoka na kofia yake. Maji yalikuwa yanaruka juu na kupotea mchangani badala ya kufika kwenye birika la kunyweshea mifugo. Na kila mtu alijua kwamba ngamia waliobaki wa watu wa kijiji cha kina Dekow walikuwa upande ule, pamoja na ami zake wawili waliokuwa wakiwachunga. Tulikuwa tumeihudumia pampu ile sisi wenyewe, mimi na darasa langu, kabla haijafungwa. Dekow ndiye aliyeshika kipimo.

Alhamisi ile aliomba kibali cha kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Vibali vya wanafunzi nilikuwa nikiviandika mimi. Niliandika siku mbili, nikatia sahihi yangu, jina langu lote, kwa mwandiko wangu mzuri. Jumamosi alirudi akiwa na midomo iliyopasuka kwa jua na viatu vilivyokatika. Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema, "Alhamdulillahi, anakunywa." Nikamwacha.

Wiki ya pili yake alikuja afande mmoja. Sitasema jina lake wala cheo chake. Hakuwa mtu mkali wa kupiga kelele. Alizungumza polepole kama mtu aliyechoka, na nadhani alikuwa amechoka kweli. Alinikuta peke yangu kwenye meza, wanafunzi wakiwa nyuma wanapiga tupa. Akafungua kitambaa cha mkononi, akaweka kofia ya shaba mbele yangu.

"Fundi, nisaidie. Hii tumeipata kwa ile pampu tulifunga. Watu wamenywesha ngamia hapo siku kumi. Nataka kujua imetoka wapi. Mogadishu ama Urusi? Kwa sababu kuna alama hapa, labda ni ya kiwanda."

Niliichukua. Vijana, mmeshaishika nyote, mnajua ilivyo. Kingo zimelainishwa ili zisikate pakingi, jambo ambalo hata viwandani hawajisumbui kulifanya. Tundu limekaa katikati barabara. Imekerezwa kwa kumbukumbu tu, bila fimbo ya kujaribia. Na ubavuni, ndogo, safi, iko alama: mstari uliosimama, mwingine mfupi umelala juu yake upande wa kulia, na nukta chini. Alikwenda kufanya kazi ambayo ingeweza kumwua, na akaitia alama, kwa sababu mwalimu wake alisema kazi isiyo na alama haipokelewi.

Bado ningeweza kunyamaza. Ningesema sijui, afande angekunja kitambaa chake na kwenda zake. Lakini yeye akaendelea, bila ubaya wowote, kama anayenifariji: "Mimi najua si ya hapa. Hawa watu wanajua ngamia tu. Hakuna mtu hapa anaweza kutengeneza kitu kama hii."

Na mimi, mwalimu wa miaka ishirini na minne, niliyekuwa nimechoka kuambiwa hivyo kila nilipokwenda ofisini, nikasikia damu inapanda kichwani.

"Afande," nikasema, "hii haijatoka Mogadishu. Imetoka kwenye hiyo mashine ya kukerezea iliyo nyuma yangu. Hii ni kazi ya mwanafunzi wangu."

Nililisema kwa kifua mbele. Nililisema kwa fahari. Mlio wa tupa ulikoma, moja baada ya nyingine, na ndipo nikasikia nilichokisema.

"Mwanafunzi gani?" akauliza.

Nikajaribu kurudi nyuma. Nikasema labda nimefananisha, labda ni mimi niliyeitengeneza zamani. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Fundi, umeshasema."

Aliwapanga mstari mbele ya mashine. Akainua ile kofia, akauliza alama ni ya nani. Hakuna aliyejibu. Kumi na wanne wale walikuwa wa koo mbalimbali, wengine wa koo zilizowahi kupigana kwa ajili ya visima, na kila mmoja aliijua ile alama kama anavyoijua ya kwao. Walitazama mbele. Ukutani nyuma yao zilining'inia spana zetu zote, kila moja na alama yake, na jicho la afande lingefika huko baada ya muda mfupi tu.

"Sawa," akasema. "Basi nyote mtapanda lori."

Dekow aliweka tupa yake mezani, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama nilivyowafundisha. Akatoka kwenye mstari.

"Ni yangu. Hawa wengine hawajui kitu. Nilikuwa nanywesha wanyama, afande. Shifta sijaona."

Afande akawaashiria askari wawili waliokuwa mlangoni. Dekow hakuwatazama. Alinigeukia mimi, na akaniuliza kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Mwalimu, kazi iko sawa?"

Afande naye akanigeukia, akasubiri. Na ninachokiona mpaka leo ni kile kibali chenye sahihi yangu. Niliwaza kwamba kiko mfukoni mwa Dekow au mkononi mwa mtu fulani. Niliwaza kwamba nikisema neno moja zuri, nami nitapanda lori. Niliangalia sakafu. Palikuwa na vipande vya shaba vilivyokatika asubuhi, nikaviangalia kama mtu anayetaka kuvihesabu. Sikusema kitu.

Wakamchukua. Afande aliiacha kofia juu ya meza. Alisema mtu anaye, chuma hana haja nacho tena. Kibali hakikuulizwa na mtu yeyote, siku ile wala baadaye, na hilo linaniuma zaidi ya kama kingeulizwa.

Mtihani wa serikali ulikuja. Wanafunzi wangu wanane walifaulu, na nafasi ya kwanza kwenye orodha ilipigwa mstari. Ofisini ikatoka amri kwamba wenyeji wasifundishwe tena mambo ya pampu, wafundishwe kutengeneza madawati. Wafula aliisoma ile barua, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba. Kwenye ratiba tukaandika "Mabomba ya Nyumbani," tukaendelea na pampu. Mkaguzi mmoja alipotuuliza ni nyumba gani ya Garissa iliyo na injini ya dizeli na fimbo ya chuma ya futi mia nne, Wafula akamjibu, misumari mdomoni, kwamba sisi tunafundisha kwa ajili ya siku zijazo. Mkienda leo kwenye visima vya Wajir, mkawakuta mafundi wazee, hao ndio wanafunzi wa mabomba ya nyumbani.

Hooyo Halima alikuja shuleni mara moja. Alisimama chini ya mgunga, hakuingia. Nilitoka nikamwendea. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kidogo kama Dekow alikuwa mtu mbaya darasani. Nikasema hapana, mama, alikuwa wa kwanza. Akaitikia, akaondoka na mkeka wake kichwani. Mnaona? Kwake niliweza kusema, kwa sababu hakukuwa na bunduki.

Vita vilikwisha. Miaka michache baadaye nilitumwa kukagua pampu upande wa Wajir, na lori lilipopumzika Habaswein dereva akaniambia kuna mtu wa chai hapo ambaye zamani alikuwa fundi. Nilijua kabla sijamwona. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha maturubai, birika mbili juu ya mkaa. Alikuwa mwembamba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa haunyooki vizuri. Pengo la jino lilikuwa limepata wenzake. Alinitambua, akanivutia kreti nikae. Kati ya vitu vyote, kreti.

"Mwalimu. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nilisaidiwa kuzeeka," akasema, akanimiminia chai.

Nilikuwa nimeibeba ile kofia kwenye mkoba wangu wa vyombo kwa miaka yote hiyo. Niliitoa, nikaiweka juu ya meza yake. Aliiangalia lakini hakuigusa. Nikamwuliza kwa nini hafanyi kazi ya pampu. Nikamwambia nitamwombea mtihani, Wafula bado yuko, jina lake linaweza kurudishwa.

"Bambu ya nani, mwalimu?" aliniuliza. "Ngamia wako wapi? Wale niliowanywesha siku kumi, walipigwa risasi siku ya kumi na tano. Hata ami yangu mkubwa."

Hilo sikuwa nikilijua. Niliweka kikombe chini. Halafu nikasema lile nililokuwa nimelibeba pamoja na shaba. "Dekow, siku ile uliniuliza. Kazi ilikuwa sawa. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo."

Nilidhani angefurahi, au angelia, au angenitukana. Alifunika birika zake kwanza.

"Najua," akasema. "Wallahi, mimi nilijua siku ile ile, nilipoona inatona. Tone, moja, mbili, tatu, nne, tano. Mimi sikuuliza ili nijue, mwalimu. Nilitaka useme mbele ya yule afande."

Dereva akapiga honi. Nikasimama, nikamsukumia ile kofia. Akairudisha kwa upande wa mkono mzima.

"Weka shule. Ile shule si ya kila mtu? Ndivyo mzee wa misumari alikuwa anasema. Basi weka hapo, watu waione."

Sikumwona tena. Nilirudi mwaka uliofuata, kibanda hakikuwepo, na aliyekuwa jirani yake aliniambia amehamia upande wa Eldas kwa shemeji yake, na baadaye nikasikia amefariki. Cheti hakukipata. Shule ile ilikua ikawa chuo, mabanda yakabomolewa, mgunga ukakatwa, na kila tulipohama niliibeba ile kofia kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku moja, mimi nikiwa karibu kustaafu, mgeni mkubwa kutoka Nairobi aliletwa kutazama karakana, na akasema kwa sauti ya kuchekesha kwamba watu wa huku wanafaa zaidi kwa biashara kuliko vyuma. Wengine wenu mlikuwepo. Mnakumbuka nilimwacha katikati ya sentensi, nikamwita mwenzenu Fatuma aje na kazi yake mbele, nikaisoma kazi ile kipimo kwa kipimo, nikasema ni nzuri, kwa sauti iliyofika barabarani. Mlidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mkuu wa chuo akanitaka nimwombe mgeni radhi kwa maandishi, nami nikamwandikia.

Basi, hiyo alama si ya kampuni. Ni ya ngamia wa kina Dekow, na hakuna hata mmoja aliyebaki anayeibeba. Nawaomba jambo moja. Andikeni jina lake kwenye karatasi, mlibandike kwenye kioo cha lile kabati, kwa maandishi makubwa. Na siku mtakayolibandika, iteni darasa lote, na kama kuna afande au mtu wa wizara anapita, mwiteni naye aingie. Mmoja wenu asimame aseme, asiangalie sakafu: kazi iko sawa.